Usiitupe Mashine ya Baba Mdogo

Chumba cha juu, nyuma ya gereji,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti linasemaje? Usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako. Nataka habari za goti lenyewe. Mimi ni mzima, ila fundi wa chini anagonga mabati tangu alfajiri, kwa hiyo mwandiko ukiruka, lawama zake.

Nimesikia binti yako anakushikilia uitupe kompyuta aliyoiunda marehemu baba mdogo. Imeniuma. Najua bado unachorea magauni ya wateja humo. Na ni kwenye mashine hiyo marehemu aliponibandika jina la Kidole Kimoja, maana nilibonyeza kibodi yake kama kuku anayedonoa.

Huwa unaniuliza kazi yangu nami najikanyaga. Leo nijaribu. Natunza kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya ndani inayoziongoza programu zote. Programu zikipokezana prosesa, yaani ubongo wa mashine, kiini huhifadhi hesabu za desimali za ile inayopisha, zisichanganyike na za mwenzake. Lakini kabla ya kuhifadhi, kilikuwa kinaiuliza prosesa: una uwezo fulani mpya wa kuzihifadhi, au huna? Kila zamu swali lilelile, na jibu halibadiliki hata siku moja! Ni kama mgeni anayebisha hodi kila akitoka sebuleni kwenda jikoni.

Mwenzangu mmoja, mwepesi wa kukata, akasema tusiulize kabisa. "Prosesa zote siku hizi zinao. Nani bado ana zile za kale?"

Nikaikumbuka mashine ya baba mdogo, ambayo prosesa yake haina. Ungeweka mfumo mpya tu, isingewaka tena.

Nikamjibu, "Namjua mmoja, ndiye aliyenilea." Wenzangu wakacheka.

Basi nimeandika hivi: kiini kiulize mara moja tu, mashine inapowaka, kisha kikumbuke jibu. Kazi inakwenda haraka, na hakuna anayefungiwa nje. Kiongozi wetu amekubali, ila anataka kuona imejaribiwa kwenye mashine ya kale kwelikweli. Ninayoijua ni yako.

Msalimie binti, umwambie simkasirikii. Wasalimie na mapacha wake. Mungu akuachie macho ya kutunga uzi mpaka uchoke mwenyewe.

Ndani ya bahasha kuna flashi yenye mfumo huo mpya. Binti aichomeke, awashe nayo. Michoro yako haitaguswa. Ikiwaka, nipigie. Ikikataa, usiitupe mashine, Mama. Kitakachotupwa ni kazi yangu.

Akupendaye bila kuulizwa mara mbili,
Kidole Kimoja