Ndege Waliorushwa kwa Ajili ya Picha

Mdogo wangu Curtis,

Natumaini mko wazima huko Tampa, wewe na mchumba wako Kaylin. Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia, na joto la Julai unalijua. Ningeishia hapa ungefurahi, lakini sikukaa chini kukuandikia habari za goti.

Ile picha yako ukimvisha Kaylin pete, wale ndege wa pwani tunaowaita mikasi wakiruka nyuma yenu, Mama ameibandika kwenye friji. Kila mgeni anaambiwa eti ndege waliwashangilia. Waliwashangilia! Wewe umezaliwa ufukweni hapa. Unajua mikasi na midomo yao myekundu hutaga mchangani pamoja na membe, ndiyo maana tunazungusha kamba watu wasipite. Ukairuka kamba, ukawapigia makofi na kuwakimbiza.

Nilipokupigia simu ulicheka, ukasema dada acha unoko, mchanga una joto, mayai yatapata wapi baridi. Baridi, saa sita mchana! Mpumbavu wewe, mkasi hayalalii mayai wakati ule ili ayapashe moto, anayakinga yasiive. Nanyi mkarudia picha mpaka Kaylin akaridhika na nywele zake. Siku ile nilipofika ufukweni, vindege chamchanga walikuwa wakikimbia ukingoni mwa maji kama kawaida yao, shakwe wamekwisha kula vifaranga, na mikasi wamerudi kulalia mayai yaliyokwisha kufa. Waliyalalia siku nyingi. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe bado ninayo.

Sasa umeitwa na askari wa wanyamapori, na Mama anawaka. Jumapili mezani aliapa kwamba mmbea aliyemchongea mwanawe hatakanyaga harusini, huku akiniongezea samaki. Shangazi Opal akasema lazima ni jirani yetu, Mzee Hatch, maana yule haachi kuchungulia dirishani. Tangu hapo Mama hamsalimii.

Mzee wa watu hana kosa. Aliyekutaja ni mimi, Curtis, na picha niliwapa mimi. Ningekutaja tena hata leo.

Asubuhi nimemwambia Mama. Alikwenda kabatini, akatoa gauni nililoshonewa niwe mpambe wa Kaylin, akaliweka barazani kwangu na kufunga mlango wake.

Msalimie Kaylin. Mwambie gauni litamtosha binamu yetu Jolene, likipunguzwa kidogo kiunoni.

Ni mimi dada yako,
Nadine