Saa ya Baba na Tone la Mafuta ya Cherehani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla kaka yangu hajarudi safari, maana marehemu baba aliniachia saa yake ya mkono, ile ya kujaza ufunguo kila asubuhi, akaniambia, "Usiifungue maadamu inatembea," nami nimetii miaka tisa, lakini mwaka huu ilianza kuchelewa robo saa kwa siku, hata nikaingia kusimamia mtihani watoto wameshakaa wananitazama, mke wangu, fundi cherehani, akasema niiweke kabatini ninunue ya betri, duka kubwa la saa wakataka kutoa mashine yote watie mpya, na yule fundi mzee wa chini ya ngazi, rafiki wa baba, naona haya kumwendea, kwa sababu, na hili hata mke wangu halijui, nilivuta kile kitufe cha kujazia nikadondoshea humo tone la mafuta ya cherehani, kesho yake saa ikasimama kabisa, na kaka alishaniambia nikiiua saa ya baba nisimwite kaka tena.

Mwalimu Mchelewaji

Mwalimu, pole sana. Sasa kaa vizuri nikuseme. Mwanafunzi akibahatisha jibu unampa sifuri, wewe umebahatisha na urithi. Fundi saa niliyemuuliza alicheka kwanza, kisha akasema saa ya kujaza husafishwa na kutiwa mafuta yake kila miaka mitano hivi, hata kama inatembea. Ukingoja mpaka ichelewe, vyuma vimeanza kusagana vikavu. Yako haijafa, imekabwa tu.

Dukani usiende, utarudi umevaa ganda la saa ya baba. Nenda chini ya ngazi Jumamosi hii, asubuhi, kukiwa na mwanga. Mweleze mzee habari za lile tone kabla hajashika bisibisi, mficha uchi hazai. Akiisha kuifungua, omba kutazama kifuniko cha nyuma kwa ndani. Mafundi wengi hukwaruza humo tarehe kila wanapoisafisha saa, na baba mwenye rafiki fundi sidhani kama alikaa na saa chafu. Alikukataza wewe kuifungua, na naona alikujua vizuri. Rafiki yake fundi hakumkataza.

Mzee akimaliza, mwombe akwaruze tarehe ya mwaka huu chini ya zile za baba. Kaka akirudi mwambie yote, la mafuta pia, kisha mwekee saa sikioni.