Kiti cha Nahodha

Wifi yangu mpenzi,

Huku tu wazima, mvua imepungua. Ile seti ya filamu niliyoianza na marehemu kaka yako, chumba cha kuongozea chombo cha anga, nimeimaliza. Vitufe ni vifuniko vya chupa, kama alivyotaka.

Kiti cha nahodha nilikipima kwa miguu ya kaka yako. Alikikalia akacheka: "Nyumbani nahodha ni wewe, hiki niachie mimi."

Jana alikikalia mwigizaji, miguu ikaning'inia. Mwongozaji akaniambia, "Fundi, kipunguze."

Nilikipunguza miguu mwenyewe, upana wa vidole vinne. Vile vipande nimevifunga ndani ya shati la kaka yako, vipo kabatini.

Msalimie mama. Mwambie kiti kimekamilika. Usimwambie nimekikata.

Ni mimi, wifi yako.