Maharage Yenye Nilionja Nikatema

Alhamisi, Ramadhani iko katikati. Mvua imenyesha toka alasiri, Buyenzi yote, huku Bujumbura, ni matope, na roho yangu iko chini kuliko hiyo matope.

Andika hivyo hivyo, Zaituni. Usinipangie maneno.

Zaituni ni mutoto wa dada yangu. Yeye njo anaandika, juu mi sikukaa hata siku moja kwenye kiti ya shule. Anasema atapeleka hii maneno sibere, kule kwenye kompyuta ya kulipia, aitie kwenye ukurasa yake ya ntaneti, watu wetu wenye walikimbilia Kanada na Ulaya wasome. Basi wasome. Mi siwezi kupita nyumba kwa nyumba kujieleza, miguu yangu imekataa toka mwaka jana, kisha hii mvua. Wenye watasikia habari yangu kwa mudomo ya wengine, wasikie na kwa mudomo yangu.

Kule kazini wanasema mi ni murozi.

Murozi, kwa mwenye hajui Kirundi, ni mutu mwenye anatia sumu mu chakula ya wenzake. Hapa kwetu hakuna jina mbaya kuliko hiyo. Mwizi wanamupiga, kisha wanasahau. Murozi, hata wajukuu wake hakuna mutu atawapa maji ya kunywa.

Mi ni mupishi. Napikia watu wa ateliye moja ya maseremala kule Mutanga Sud, wanatengeneza meza na viti ya mashule. Na hiyo kazi niliipata juu ya hii krize yetu. Vita ilipokuwa kali, wale watu walianza kuogopana kwenye sahani. Mupishi akiwa wa kabila hii, nusu hawali. Wanaleta wa kabila ingine, nusu ile ingine hawali. Mwisho direkteri akasema, nitafutieni mama mu-Islamu wa Buyenzi, yule hayuko wa huku wala wa kule. Njo wakaniona mi, nauza sambusa kando ya barabara, na wakati ule meno yangu ilikuwa bado yote. Sasa imebaki ya kutafuna mukate yenye imelowana mu chai tu. Lakini hiyo ni habari ingine.

Unajua kwetu, mutu akileta pombe ao chakula, anaonja yeye mbele, wageni wanaona, njo wanakula. Hata kwenye harusi ni vile. Pale ateliye, na ile woga ya vita, ikawa ni lazima. Kila saa sita nilisimama kwenye mulango ya jikoni, natia kijiko mu sufuria, nakula, nameza, nafungua mudomo wote waone. Wanacheka, wanapanga musitari. Kuna seremala mumoja, Deo, kila siku alikuwa na maneno yake ileile: «Mama Saidi, siku moja utaniua, lakini utaniua na utamu.»

Mama Saidi ni mi. Saidi alikuwa mutoto wangu, Mungu amurehemu, alienda Uvira kutafuta sukari ya kuuza na hakurudi. Ameniachia wajukuu. Nisiende huko. Nikienda huko leo, sitarudi kwenye maneno yangu.

Ramadhani ikifika, mi sionji, nimefunga. Kila mwaka mwenye alinionjea ni Jenerose, mwenzangu wa jikoni, mwenye kuosha sahani na kukata majani ya sombe. Yeye ni mukatoliki. Anasimama kwenye mulango pa nafasi yangu, anakula kijiko, anafungua mudomo, Deo anamutania, maisha inaendelea. Huyu Jenerose alikimbia toka mutaa wa Kamenge wakati watu walikuwa wanakimbia, na godoro juu ya kichwa na mutoto mu mugongo. Mi njo nilimuombea kazi. Ananiitaka mawe, kwa Kirundi ni kusema mama yangu.

Sasa Jumatatu. Asubuyi risasi ililia upande wa Kamenge, na Jenerose amesharudi kukaa kule, mabisi haikutoka. Mi nikawa peke yangu na masufuria. Robine ya maji ilikuwa imekauka toka Jumamosi, vijana walileta maji na mabido ya plastiki, wametoa wapi sijui. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maharage ilichemuka asubuyi yote na hiyo maji, sawa, moto unaua vyote. Lakini maji ya kunywa waliitia tu mu ndoo, na kopo juu, na kila mutu anachota. Nilisema ichemushwe. Nilisema mara ngapi. Makala ya moto ilikuwa kidogo, na sauti ya mupishi ni sawa na sauti ya redio, watu wanaizoea.

Basi, na ile risasi, na ile njaa, kichwa yangu ikapotea. Sikujua kama nimetia chumvi mara moja ao mara mbili. Shehe alitufundisha zamani: mupishi mwenye amefunga anaweza kuweka kidogo juu ya ulimi, asimeze, ateme. Nikaweka juu ya ulimi. Nikatoka na mulango ya nyuma, nikatema, nikasukutua, nikatema tena. Nageuka, naona Jenerose amesimama, viatu mu mukono, amekuja na miguu toka Kamenge. Akanisalimia, nikamuitika, akaingia kuosha sahani. Hakukuwa kitu.

Saa sita watu walikuwa na haraka ya kurudi kwao kabla mambo haijaharibika. Wakaingia na musitari mupaka ndani ya jikoni. Hakuna mwenye alisimama kwenye mulango, hata Jenerose. Hakuna mwenye aliuliza. Siku moja tu hiyo, mu miaka yote hiyo, chakula haikuonjwa mbele ya watu.

Jumanne Deo anatapika. Wengine wawili nyuma yake wanaendesha tumbo. Jana Deo wakamulaza hospitali, wamemuwekea maji ya serumu mu mushipa, wanasema macho yake imeingia ndani.

Jana hiyohiyo direkteri akatuita. Jenerose mbele, juu mwezi wa Ramadhani kuonja ni kazi yake, na kila mutu alikuwa anajua hakuonja. Nikamungojea nje, nasikia sauti yake lakini sisikii maneno. Alipotoka, hakuniangalia. Wakaniingiza, na direkteri akamurudisha ndani, akamuambia arudilie mbele yangu.

Akasema, macho mu chini: «Nilimuona na macho yangu. Alionja, akatema. Akaosha na ulimi.»

Sasa muniambie nitasema nini hapo. Ni kweli. Kama angesema nilitia unga mu sufuria, ningeapa, ningelia, ningeleta Musaafu. Lakini alisema kitu yenye nilifanya. Amenyamazia neno moja tu, kwamba nimefunga. Na neno hiyo yeye anaijua kuliko wote pale, juu ni yeye ananionjea miaka yote.

Nilieleza. Nilieleza sana, na mukinijua, nikianza kueleza simalizi, nikaingia mu habari ya shehe na mu habari ya maji na mu habari ya makala, na naona uso ya direkteri inachoka. Muchunga stoo akauliza, kama ni funga, kwanini chakula haikuonjwa mbele ya watu? Wote wakaniangalia mi. Mutu mumoja akakumbusha ile maneno ya Deo, siku moja utaniua. Mara hii hakuna mwenye alicheka.

Jioni nilimungojea Jenerose kwenye mulango mukubwa. Sikuwa na hasira, nilikuwa nataka tu anipe sababu. Akaniambia pole pole, sawa mutu anaeleza mutoto: «Mawe, mi niko na watoto. Waliniuliza mi mbele. Na we umeshakuwa muzee, we watakusamehe.»

Watanisamehe. Yeye ni Murundi, anajua murozi hasamehewi.

Nilipanda bisi, mvua ikaanza.

Na leo asubuyi direkteri amekata maneno. Kesho Ijumaa, saa sita, Jenerose atapika maharage, na mi nitasimama kwenye mulango mbele ya watu wote nimalize sahani muzima. Nikikula, maneno imeisha, nabaki na kazi yangu. Nikikataa, nisirudi, na yeye direkteri hatajibu kwa mambo yenye watu watafanya. Haniwazii mubaya, yule mwanaume. Anadhani amenipa mulango ya kutokea.

Nikamuomba iwe kisha magharibi, nikishafuturu. Akasema kuvrefe, usiku hakuna ruhusa ya kutembea, nani atabaki Mutanga jioni kuangalia mukecuru, mama muzee, anakula. Nikamuomba iwe kisha Idi. Akaniambia ndugu wa Deo walikuja ateliye kuuliza mi nakaa avenyu gani. Hapo nikaelewa hakuna kisha Idi.

Nikapita kwa shehe. Watu walikuwa wengi kwenye mulango yake, alinijibu amesimama. Akasema, mutu akiogopa roho yake, akule, atailipa hiyo siku kisha Ramadhani. Ni rahisi, kwa dini. Nikashukuru, nikaenda. Sikumuuliza ile yenye inanila, juu siyo ya vitabu.

Juu hata nikikula haitaisha. Nisipokufa, watasema amekunywa dawa yake nyumbani kabla ya kuja. Nikiumwa tumbo, na kila mutu mu muji huu anaumwa tumbo na hii maji, watasema mumeona. Na wa kwetu Buyenzi watasema, Mama Saidi amekula saa sita ya Ijumaa, watu wako musikitini. Nitapoteza huku na kule, na sahani muzima ya maharage mu tumbo.

Na hiyo sahani atapika Jenerose. Nani ataonja mbele yangu? Ni haki yangu kuomba, ni desturi. Lakini nikimuambia mbele ya watu, onja we mbele, na yeye nitakuwa nimemuweka mu lile jina. Watoto wake nawajua, mudogo nilimubeba mu hii mikono. Sitamuambia. Mungu anajua siyo wema, nimechoka tu. Murozi mumoja anatosha mu jikoni moja.

Leo magharibi, kama kila siku, nilitoa futari kidogo, uji mu sahani, nikafunika na kitambaa, nikapeleka kwa jirani yangu wa mulango kwa mulango. Tunapeana futari toka wanaume wetu wako hai. Nikamuachia, nikarudi. Kisha kuswali, nimekuta sahani kwenye mulango yangu. Kitambaa iko vile nilivyoikunja. Chini yake uji umepoa, umeshika ngozi juu.

Hakugonga hata mulango.

Basi habari imeshavuka mito yote na imefika hapa. Nilikaa kwenye mukeka na ile sahani mu magoti, nikamaliza ule uji mi mwenyewe, baridi, juu chakula haitupwi na wajukuu walikuwa wananiangalia. Mukubwa aliniuliza kwanini jirani hakukula. Nikamuambia alikuwa ameshiba. Sikuwa na sura ya kumudanganya vizuri.

Nitaenda kesho. Nitakula. Nimeamua wakati namaliza ule uji, siyo kwa sababu itanisafisha, ni kwa sababu wajukuu wa Saidi wanakula kwa ile kazi, na nikikaa hapa nyumbani, wale ndugu wa Deo watakuja kunitafuta palipo na watoto. Afazali wanione kule, mbele ya watu, nimesimama na kijiko.

Kitu kimoja tu kimebaki, na kwa hiyo sipati usingizi. Kila usiku wa Ramadhani, kabla ya kulala, natia niya: nanuia kufunga kesho kwa ajili ya Mungu. Toka nikiwa musichana sijawahi kuacha, hata usiku ule habari ya Saidi ilifika. Sasa leo nitie niya gani? Niseme nanuia kufunga, na najua saa sita nitafungua mudomo mbele ya wote? Si ni kumudanganya Mungu uso kwa uso? Ao nisinuie kabisa, nilale sawa mutu hana kesho?

Zaituni, nimekuuliza we, mwenye umesoma. Umeweka kalamu chini, unaangalia taa.

Shika kalamu tena, andika na hiyo.