Chemchemi ya Mama Nyaboke na Kaskazini ya Karani

Ekerenyo, Kisii
Ijumaa

Dada yangu mpenzi Mwanaisha,

Shikamoo dada. Hujambo wewe, na mgongo je, umekuachia? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila roho imenichafuka, na nisipokwambia wewe nitapasuka.

Ulidhani ndugu yako huku anapima mashamba. Napima ujinga, dada! Tangu tupate Uhuru kila mtu anaandikiwa shamba lake apate hati, na fomu zote ni za Kiingereza. Karani mkuu wetu hataki kuona ila "north" na "south", "east" na "west". Ukiandika "left" anafoka: kushoto kwa nani, na ukigeuka je? Hapo ana haki, sikatai. Lakini mwenyewe haondoki kitini, matope yasije yakamharibia viatu.

Nchi hii ni vilima vitupu. Watu husema upande wa juu na upande wa chini, basi, na hawapotei. Mama Nyaboke, mjane wa hapa, alinishika mkono akanitelemsha migombani hadi kwenye chemchemi yake. "Hii ya chini ni yangu, ile ya juu ni ya shemeji. Maji hii mimi nachota tangu niolewe." Shemejiye alikuwapo, akaitikia. Nikatoa dira, nikaona kilima kiko kusini, sisi tumeteremkia kaskazini. Nikaandika hivyo: mjane "north", shemeji "south", na maneno ya mama nikayanukuu pembeni.

Karani alisoma, akacheka. "Mama amesema chini. Chini ya karatasi ni south. Hukusoma ramani shuleni?" Akakata kwa wino mwekundu. Mjane akapelekwa kusini, kwenye mawe matupu, na chemchemi ikaangukia kwa shemeji. Nikamwambia, bwana, mlima hauijui karatasi yako, twende ukaone. Wapi! Akaniamuru nitie sahihi. Na yule shemeji aliyeitikia mbele yangu, alipopata habari, kimya! Jamani, watu wana macho makavu.

Nilipomweleza Mama Nyaboke, hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa wewe ndiyo uliandika. Watoto yangu watakunywa nini?" Dada, niliona haya, nikashindwa hata kumtazama.

Basi jana, siku ya kusikiliza malalamiko, nilisimama mbele ya wazee wa kamati nikasema sahihi yangu haimo katika fomu ile wala haitaingia. Wazee wakainuka, wakashuka wenyewe hadi majini, karani nyuma yao akiteleza na kushika migomba. Mjane tulimkuta pale. Karani akamwuliza, kwa ukali, kaskazini ni wapi.

"Hiyo sijui," akajibu. "Mimi najua pahali naweka mtungi."

Wazee hawakuuliza tena. Chemchemi ikaandikwa yake papo hapo.

Leo asubuhi nimepewa barua ya kuachishwa kazi. Eti Kiingereza changu cha pande za dunia hakitoshi! Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimetukana.

Nisalimie shemeji fundi cherahani, wanao wote, na shangazi muuza mahamri. Mwambie aniwekee, narudi wiki ijayo. Majirani wakikuuliza kwa nini nimefukuzwa, usione haya. Waambie nilikataa kumhamisha mjane kwa kalamu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Salim