Nilimpa Zimwi Jina la Jedidah, Sasa Wanataka Kumchoma

Kwako Shangazi Mong'ina wa ukurasa wa Jumamosi,

Mimi sijawahi kumwomba mtu ushauri, hiyo ujue kwanza, watu ndio huniomba mimi, lakini hii maneno imenifika shingoni, na gazeti lako nililipata limefungiwa samaki nikasoma ukurasa wako wote hata pale palipolowa, nikasema huyu mama anagombeza vizuri, wacha nimpe kazi.

Jina langu ni Caleb, nakaa Karungu, ukishuka ufuoni uliza Caleb wa Video, hata mbwa watakuonyesha. Shule niliachia darasa la saba, si kwamba mimi nilikuwa mjinga, karo ndiyo ilikuwa mjinga. Kiingereza nilichotoka nacho ni kidogo lakini nakitumia kuliko wale waliotoka na kingi. Kazi yangu ni kutafsiri picha kwa Tony, yeye ako na televisheni, deki na jenereta, mimi niko na mdomo. Picha ikianza nasimama kando na kipaza sauti nawaambia wavuvi na wachuuzi kile Wazungu wanasema, kwa Kiswahili, nachanganya Dholuo, lugha yetu, pale panapouma, na pale sisikii wanasema nini naweka yangu, na Shangazi, yangu huwa tamu kuliko yao. Kuna mwalimu aliwahi kuinuka akasema sivyo walivyosema, watu wakamwambia akae chini ama atoke.

Picha za kutisha ndizo zinajaza. Za mapenzi watu wanasinzia, lakini lete zimwi, wanasimama mpaka madirishani. Mtu anachinjwa pale kwa televisheni damu inaruka ukutani, na hapa chini mama anaitisha njugu nyingine na soda iwe baridi, na kichwa kikikatwa vizuri wanamwomba Tony arudishe kanda waone tena. Siku hizi vijana wanaenda mpaka Migori kwa mitumba kutafuta zile fulana za mafuvu na midomo ya damu, kijana mmoja Gisiri ako na moja yenye meno mbele na nyuma, anaivaa hata kanisani, ndani ya koti. Mimi sioni ubaya na sitauona. Watu wa hapa wamezika sana miaka hii, kila wiki tuko matangani, na kifo chetu hakina uso, mtu anakonda tu, anakohoa, anaenda, na watu wananong'ona. Kile cha video kina uso, kina meno, na mwishowe kinashindwa. Kwa nini mtu asilipe kuona kifo kikishindwa? Nijibu hilo hata kama hutajibu lingine.

Sasa kuna picha moja ya mama anaishi peke yake kwa nyumba ya mbao, mwanamume akiingia hatoki, anamla moyo. Jina lake la Kizungu lilikuwa linanishinda, na siku hiyo Jedidah alikuwa amekaa mbele kabisa na njugu zake. Jedidah ni mama mjane, anauza omena, wale dagaa wetu wa ziwa, mume wake alikufa, halafu shemeji aliyemrithi kama desturi yetu inavyotaka naye akafa. Mimi bila kufikiri nikasema kwa kipaza sauti, "Huyu ndiye Jedidah, wanaume shikeni mioyo yenu." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka, nakuapia, akanirushia njugu akaniita jajuok, yaani mchawi, na kesho yake akanipunguzia bei ya omena. Sasa hapo kosa liko wapi?

Shida si mimi, shida ni Tony. Yeye aliona jina linauza, akaandika kwa ubao wa nje na chaki, LEO JEDIDAH ANARUDI, na mimi akaniambia kila zimwi likitokea, la kike, la kiume, hata lile la manyoya, niite Jedidah. Nikaita. Shangazi, nilikuwa nyota. Boti zilitoka Muhuru Bay zimejaa watu wanakuja kunisikia mimi, Tony akaninunulia viatu vipya, watoto wakawa wakiona Jedidah anapita sokoni wanashika vifua vyao wanakimbia, na mimi nilidhani ni mchezo, kwa sababu ulikuwa mchezo.

Halafu mtoto wa mama mmoja hapa, Achieng, akashikwa na homa, na Achieng akaambia kila mtu kwamba ameota Jedidah ameinama juu ya mkeka na meno marefu mpaka kidevuni. Meno hayo mimi nayajua, Shangazi, ni ya plastiki, ukitazama vizuri utaona mdomo wa yule mwigizaji hauwezi kufunga. Mtoto alipona kwa sindano ya zahanati lakini ndoto haikupona. Wenye boti wakaacha kumuuzia Jedidah omena, kila mmoja akawa na sababu yake. Ile aliyokuwa ameanika kwa nyavu ufuoni ikamwagiwa mafuta ya taa. Juzi Gisiri na wenzake wakaenda bomani kwake mchana kweupe, wote wamevaa zile fulana, wakamwambia ahame kabla mwezi haujaisha, ama picha itaisha vile huwa inaisha.

Mimi nikaenda kwake. Wengine hawajaenda, hiyo pia andika. Nikamkuta anachambua omena, anatupa iliyoingia mafuta ya taa. Nikamwambia aende kwa kaka yake Homa Bay akae kidogo.

"Niende Homa Bay niwaambie nini?" akasema. "Kwamba nimefukuzwa na televisheni?"

Nikamwambia ni kwa muda tu, mama, Tony akileta picha nyingine hawa watasahau. Akachambua, akachambua, halafu akaniuliza bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo picha yako, huyo mama anakufa namna gani?"

Shangazi, hakuna mtu Karungu anajua jibu la hilo kuliko mimi, hapo ndipo sauti yangu huwa kubwa na ukumbi wote unapiga kelele pamoja na mimi. Siku hiyo sikuipandisha. Nikasema polepole kwamba wanafunga mlango kwa nje, halafu wanachoma nyumba.

"Ndiyo maana Gisiri alikuwa anauangalia mlango wangu," akasema. Halafu akaniambia hahami, hiyo nyumba ameikandika kwa mikono yake, kama kuna mtu wa kuhama ni mimi na mdomo wangu. Akaendelea na omena.

Sasa hapa ndipo nakwama. Mchungaji wetu amesema anaweza kumaliza hii maneno. Anataka Jumapili ya mwisho wa mwezi nisimame mbele ya kanisa niseme shetani aliniingia kwa njia ya video akanitajia jina la Jedidah, kisha aniombee mimi, amwombee na Jedidah atokwe na pepo, video ifungwe, yaishe. Mzee wa mtaa, Ombati, anasema huo mpango ni mzuri, utaleta amani. Tony yeye anasema ninyamaze, kuna kanda mpya inakuja.

Mimi sitaki, na nitakuambia kwa nini. Shetani hakunipa kitu. Ule utani ni wangu, niliutunga kwa kichwa changu mwenyewe, sitaki apewe sifa. Tena nikisema yeye ndiye alinitajia jina, si watasema basi shetani anamjua Jedidah? Na kusema picha za kutisha ni dhambi sitasema, hata mnitandike, kwa sababu si kweli. Lakini nikikataa, na Gisiri aje na mafuta ya taa, je? Nidanganye nimwokoe mama wa watu, ama nisimame na ukweli wangu nione moshi? Niambie haraka, na usinigombeze sana, mimi niko na jina hapa.

Ni mimi,
Caleb wa Video, Karungu

*

Caleb,

Jibu hili nimempa dereva wa basi la Migori akufikishie mkononi kabla ya kulichapisha, kwa sababu moto haungoji Jumamosi. Ukiwa unalisoma gazetini na bado hujafanya lolote, acha kusoma, simama, nenda.

Nilicheka mara mbili nikisoma barua yako, kisha nikaona haya. Kwa hiyo sitajifanya mtakatifu mbele ya watu wa ukumbi wenu. Tofauti yangu na wao ni hiyo haya tu, na wao bado haijawafikia.

Uliniuliza kwa nini mtu asilipe kuona kifo kikishindwa. Alipe. Bibi yangu alinitisha na zimwi kila jioni nikiwa mtoto, na nilimwomba anitishe tena. Lakini zimwi la bibi liliishi msituni, ng'ambo ya mto, mahali ambapo hapakuwa na nyumba ya mtu. Hakuwahi kuniambia linauza ndizi kwa jirani. Wewe ulilichukua zimwi ukalileta mtaani, ukalipatia anwani. Watu waliokuja kwako wakiwa wamechoka kuzika ukawapa mtu wa kulaumiwa, mjane, anayekaa peke yake, na usiniambie hukujua kwa nini walicheka. Walicheka kwa sababu walikuwa wananong'ona juu yake tayari. Wewe uliwapa kipaza sauti tu.

Unasema shida ni Tony. Tony aliandika ubaoni. Sauti ilikuwa ya nani? Na hivyo viatu viko miguuni mwa nani?

Sasa kuhusu shetani, hapo uko sawa, na ndipo nilipoanza kukupenda kidogo. Usikubali mpango wa mchungaji. Mwanamke anayeombewa pepo mbele ya kanisa lote anatoka pale akiwa na pepo kwa maisha yake yote. Mwambie mchungaji kwa heshima kwamba kama anataka kumwombea mtu, awaombee waliomwaga mafuta ya taa, na kwamba Jumapili hiyo Jedidah atakaa mahali anapokaa siku zote.

Leo hii rudi kwa Jedidah. Usiende kumshauri akimbie. Mwombe msamaha kwanza, maana katika barua ndefu namna ile sikuona mahali ulipomwomba. Kisha muulize yeye anataka nini kifanyike, na unyamaze mpaka amalize. Akikubali, nendeni pamoja kituo cha polisi mkatoe majina ya Gisiri na wenzake na maneno waliyosema. Mzee Ombati akisema anataka amani, aje naye atie neno lake pale mezani kwa polisi. Akikataa, utajua ni amani ya nani anayoitaka. Na wewe na vijana wanaokusikia mhamie bomani kwake, mlale nje ya ule mlango, mpaka mwezi uishe na mwingine uanze. Unasema una jina Karungu. Jina hilo likafanye kazi.

Halafu mwambie Tony aweke ile picha ya nyumba ya mbao, siku ambayo ukumbi hujaa. Ubao utaandika wewe: LEO CALEB ANACHOMWA. Kabla haijaanza, sema kwa kipaza sauti kile kile kwamba jina la Jedidah ulilitunga wewe ili watu wacheke, hukupewa na mtu wala pepo. Pale penye meno, msimamishe Tony, waonyeshe plastiki, waonyeshe mdomo usiofunga, na kama Achieng yupo, mwite asogee karibu aone. Kisha endelea. Tangu hapo zimwi hilo linaitwa Caleb. Utafsiri mpaka mwisho, mpaka mlango ufungwe kwa nje, neno kwa neno bila utani, na utulie usikie watu unaowajua wakishangilia Caleb anapoungua. Hata Gisiri atakuwepo na fulana yake. Mtazame usoni.

Tony akikataa, ondoka na mdomo wako. Mashine yake bila wewe ni bubu, na anajua.

Usiniandikie tena kunieleza jinsi ukumbi ulivyojaa au jinsi walivyocheka, sitajali. Niandikie siku Jedidah atakaposhuka ufuoni asubuhi na beseni lake, na uniambie ni boti ya nani iliyokuwa ya kwanza kumuuzia.

Shangazi Mong'ina