Skrini Iliyolala Ubavu

Kitindamimba wangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta uliyotuachia imenishinda, na nikikupigia simu baba yako husikia kila neno.

Paka amezaa kabatini. Video ya mwanao akijifunza kutembea ilifika, lakini hiyo Linux yako, mfumo uliouweka kwenye kompyuta, ikakataa kuifungua. Nikafuata maelekezo uliyoniandikia: nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika amri ya kuweka programu ya video. Ikataka neno la siri, nami kila nikibonyeza haitokei hata herufi moja. Nikadhani kibodi imekufa, nikaipangusa vumbi asubuhi nzima. Kumbe ndiyo kawaida yake. Si ungeniambia?

Programu ikaingia. Picha ilikuwa ndogo, basi nikaenda kwenye mipangilio ya skrini, nikagusa nisichokijua, kila kitu kikalala ubavu. Ikaniuliza kama nataka ibaki hivyo. Nikakubali, nikidhani inaomba radhi. Sasa mshale nikiusukuma juu unakwenda pembeni. Siku ya tatu nilikaa chini nikalia, na sikuwa nikililia kompyuta.

Baba yako hainuki tena, mwanangu. Tangu mwezi uliopita analalia ubavu mmoja tu, na daktari amesema tukae naye nyumbani.

Jana niliifungua ile video ya mwanao, nikamsogezea skrini hivyo hivyo ilivyo. Akaitazama kitambo, kisha akasema, "Afadhali huyu amesimama wima."

Usinielekeze namna ya kuirudisha. Njoo tu.

Mama yako